Kukabia juu huanza kwa mabeki

Tottenham Hotspur walipomfuta kazi kocha Ange Postecoglou tarehe 6 Juni 2025, siku 16 tu baada ya kuwapa kombe la Europa League, hukumu ya wengi ilikuwa fupi: soka la kukabia juu, yaani kumbana mpinzani karibu na goli lake, limewaponza. Msimamo wa ligi ulionekana kuthibitisha hilo. Nafasi ya 17, pointi 38, mechi 22 walizopoteza, magoli 65 waliyofungwa. Hata fainali yenyewe ya Bilbao dhidi ya Manchester United waliishinda 1-0 kwa kurudi nyuma na kulilinda goli la Brennan Johnson hadi filimbi ya mwisho. Tangu hapo mfano huo umekuwa fimbo ya kuchapia kila klabu iliyo katikati ya safari ya kuhama kutoka kusubiri nyuma kwenda kukabia juu. Timu ikifungwa mabao mawili ya mpira uliopita nyuma ya mabeki, mara moja inaulizwa kwa nini kocha hajifunzi, kwa nini mabadiliko haya hayaishi, kwa nini washambuliaji hawakabi kama tulivyoahidiwa.

Mimi naisoma habari ileile kwa namna nyingine kabisa. Mabeki wa kati Cristian Romero na Micky van de Ven walikosa sehemu kubwa ya msimu ule kwa majeraha. Kipa Guglielmo Vicario alivunjika kifundo cha mguu Novemba 2024, beki mwenzao Radu Drăgușin akachanika kano ya goti miezi michache baadaye, na Archie Gray, kiungo wa miaka 18, akajikuta anacheza beki wa kati wiki baada ya wiki. Mbele waliendelea kupanda kukaba kama kawaida, ilhali nyuma hawakuwapo tena watu wa kuubeba mzigo wa kupanda huko. Kukabia juu ni kazi ya mabeki wa kati na kipa kabla ya kuwa kazi ya mshambuliaji. Washambuliaji watatu unaweza kuwafundisha kubana kwa wiki chache. Kuizoesha safu ya nyuma kuishi mita 40 mbele ya goli lake huchukua msimu mzima, mara nyingi miwili au mitatu, na hapo ndipo muda wote unapokwenda. Anayepima mabadiliko haya kwa kutazama mbio za washambuliaji anatazama sehemu iliyo rahisi.

Hesabu ya uwanja yenyewe inaonyesha kwa nini. Timu inayosubiri huweka mabeki wake mita 20 hadi 25 kutoka golini. Nyuma yao nafasi ni ndogo, kipa hana haja ya kutoka mara kwa mara, na kosa la mtu mmoja hufunikwa na wenzake walio hatua chache pembeni yake. Sasa mwambie mshambuliaji wa timu hiyo akambane beki wa mpinzani ukingoni mwa boksi. Uwanja una urefu wa mita 105, boksi lina kina cha mita 16.5, kwa hiyo mshambuliaji huyo yuko mita 88 hivi kutoka goli lake mwenyewe. Kama mabeki wamebaki mita 25, kati ya mtu wa kwanza na wa mwisho kuna zaidi ya mita 60, kwa upana wa mita 68. Hakuna viungo watatu duniani wanaoweza kulilinda eneo hilo. Arrigo Sacchi alipoichukua Milan mwaka 1987 alitaka umbali huo uwe kama mita 25 tu. Hata mabeki wakipanda hadi mstari wa katikati, mshambuliaji akiwa ukingoni mwa boksi la mpinzani, bado umbali unabaki mita 36. Ndiyo kusema kila hatua anayopiga mtu wa mbele ni deni ambalo mtu wa nyuma lazima alilipe papo hapo, na asipolilipa, katikati panabaki uwanda.

Chukua goli kiki moja. Tangu 2019 sheria inaruhusu mpira upokelewe ndani ya boksi, kwa hiyo kipa anampa beki wake wa kati wa kulia akiwa palepale. Mshambuliaji wa kati anamwendea kwa mbio za upinde akitokea upande wa ndani, ili mwili wake uzibe njia ya kurudi kwa kipa na kwa beki wa pili. Beki amebakiwa na njia tatu: pembeni, kwa kiungo wake mkabaji anayeshuka kuomba mpira, au mbali. Winga wa upande huo anasubiri mita 7 au 8 kutoka kwa beki wa pembeni na hasogei mpaka beki wa kati ainamishe kichwa kupiga. Akiwahi, pasi inampita juu, na akichelewa, mpokeaji ameshageuka. Kiungo namba nane anapanda kumfuata kiungo mkabaji wa mpinzani. Mpaka hapo kila mtu uwanjani anaona na kushangilia. Kisichoonekana kwenye televisheni ni kwamba namba nane alipopanda ameacha nyuma yake eneo la mita 15, na straika wa mpinzani ameshaanza kushuka kuliingia. Beki wa kati ana chini ya sekunde moja kuamua: amfuate hadi huko na kuacha mgongo wake wazi, au abaki na wenzake.

Pasi ya ardhini iliyopigwa kwa nguvu husafiri kama mita 12 hadi 15 kwa sekunde. Mpira wa mita 20 kwenda kwa straika huyo utafika kwa sekunde moja na nusu. Katika muda huo beki anayeanza kutoka kusimama anaweza kwenda mita 5 au 6, si zaidi. Maana yake, akisubiri kuona pasi imepigwa ndipo aanze kukimbia, amekwisha kuchelewa. Inabidi aanze mpira ukiwa bado mguuni mwa mpigaji, kwa kusoma mkao wa mwili wa mpigaji na kuamini kwamba mwenzake wa kulia ameshamziba. Beki aliyelelewa kwa miaka kumi kulinda nafasi iliyo nyuma yake anaambiwa aiache kwa hiari yake, kabla ya kuwa na hakika. Ndiyo maana kosa la kawaida la mwaka wa kwanza ni beki kusitasita. Anapiga hatua mbili mbele, anarudisha moja, straika anapokea, anageuka, na sasa ni wanne kwa wanne huku nusu ya uwanja ikiwa tupu. Goli likiingia, lawama humwangukia kiungo aliyepanda, ingawa yeye ndiye aliyefanya alichotakiwa kufanya.

Kuna ujuzi mwingine ulio mgumu kuliko huo, nao ni kujua lini safu nzima ipande na lini ishuke. Kanuni yake inasemeka kwa sentensi moja: mwenye mpira akiwa amebanwa, amegeuza mgongo au anatazama chini, safu inapanda, akiwa huru, ameinua kichwa na ana nafasi ya kupiga, safu inashuka mara moja hata kama mpira uko mbali. Kuitekeleza ni jambo lingine. Mabeki wanne wanapaswa kusoma ishara ileile kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa mchezo mmoja, wengine wakiwa wamefunikwa na wachezaji walio mbele yao. Mmoja akibaki nyuma kwa mita moja, mtego wa kuotea umevunjika kwa wote. Wote wakibaki juu wakati mpigaji yuko huru, mpira mmoja wa mita 40 unawamaliza. Na wakipanda hadi kuvuka mstari wa katikati, sheria yenyewe inawaacha: mshambuliaji aliye ndani ya nusu yake hawezi kuwa ameotea. Novemba 2023 Tottenham haohao walicheza na Chelsea wakiwa tisa na kuweka safu karibu na mstari wa katikati. Walifungwa 4-1, Nicolas Jackson akiondoka na mabao matatu. Wengi waliupongeza ujasiri. Mimi niliona safu iliyobaki juu wakati wapigaji wa Chelsea walikuwa hawabanwi na mtu, kwa sababu baada ya kadi nyekundu mbili hawakubaki watu wa kutosha kuwabana. Usiku uleule Van de Ven, beki ambaye karibu miezi mitatu baadaye alipimwa akikimbia kilomita 37.38 kwa saa, aliumia misuli ya nyuma ya paja akirudi golini kwake.

Kipa naye si pambo. Safu ikiwa mita 45 kutoka golini, kipa aliyesimama kwenye mstari wake ameacha eneo la mita 40 lisilo na mwenyewe. Anapaswa kuwa nje ya boksi wakati mpira uko nusu ya mpinzani, ashuke kadiri mpira unavyokaribia, na aamue kutoka au kubaki wakati mpira mrefu bado uko hewani, ambao ni muda wa sekunde mbili au tatu tu. Halafu timu ikiupora mpira na mpinzani akijibu kwa kubana vilevile, yeye ndiye mtu wa ziada wa kupasiana naye. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kudaka pasi ya makusudi ya mguu wa mwenzake, kwa hiyo miguu yake inahesabika katika kila shambulizi. Kipa hodari wa kuokoa mashuti, aliyezoea kukaa ndani ya mita sita, anaweza kuwa bora kwenye timu inayosubiri na akawa tatizo la kila wiki kwenye timu inayopanda.

Liverpool ya Jürgen Klopp ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote, na unasomwa vibaya. Klopp aliingia Oktoba 2015. Mechi ya kwanza, sare ya 0-0 kwa Tottenham, tayari washambuliaji walikuwa wanabana kwa namna ambayo mashabiki hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Kwa upande wa mbele mabadiliko yalionekana ndani ya wiki. Tazama magoli waliyofungwa kwenye ligi: 50 msimu huo, 42 uliofuata, 38 wa 2017/18. Walicheza fainali tatu na kupoteza zote: Kombe la Ligi na Europa League mwaka 2016, Ligi ya Mabingwa mwaka 2018. Msimu wa kwanza walimaliza wa nane. Virgil van Dijk alifika Januari 2018, Alisson na Fabinho kiangazi cha mwaka huo, na 2018/19 wakafungwa magoli 22, wakapata pointi 97 na ubingwa wa Ulaya. Washambuliaji Mane, Firmino na Salah walikuwa pamoja tangu 2017. Kilichobadilika ni beki anayeweza kubaki peke yake na mshambuliaji kwenye uwanda wa mita 40 bila kutaharuki, kipa anayetoka, na kiungo mkabaji anayefunika mapengo ya wanaopanda.

Manchester City walipita njia hiyohiyo kwa kasi zaidi kwa sababu walikuwa na fedha. Msimu wa kwanza wa Pep Guardiola, 2016/17, walikuwa na mabeki wanne wa pembeni ambao wote walikuwa wamefika miaka 30 au kuivuka: Zabaleta, Sagna, Clichy na Kolarov. Claudio Bravo langoni hakutulia. Walifungwa 39 na kumaliza wa tatu kwa pointi 78. Kiangazi cha 2017 wakamleta Ederson, Kyle Walker, Benjamin Mendy na Danilo. Magoli ya kufungwa yakashuka hadi 27, pointi zikapanda hadi 100. Wa mbele, yaani Silva, De Bruyne, Sterling na Agüero, walikuwapo misimu yote miwili.

Hoja ya kwanza ya kunipinga ni kwamba hapa nasimulia habari za fedha tu: nunua beki ghali na kipa ghali, kila mfumo utafanya kazi. Hoja hii ina uzito na sitaipuuza. Van Dijk angeboresha hata timu inayopaki basi, yaani inayojaza watu mbele ya goli lake. Lakini fedha haielezi kwa nini mambo hutokea kwa mpangilio ule. Klabu nyingi zimemwaga fedha kwa mawinga wenye kasi na straika anayekimbia, zikaacha nyuma kama palivyokuwa, na hazikupata presha wala matokeo. Tena wapo waliofika bila kumnunua nyota wa nyuma. Sacchi alichukua ubingwa wa Italia msimu wake wa kwanza, 1987/88, akifungwa magoli 14 katika mechi 30. Wengi hukumbuka kwamba kiangazi hicho walifika nyota wa mbele Gullit na Van Basten. Wachache hukumbuka kwamba mabeki Baresi, Tassotti na Maldini kijana walikuwa wamekwisha kulelewa na kocha Nils Liedholm katika kukaba kwa eneo wakati karibu Italia yote ikikaba mtu kwa mtu, na kwamba Carlo Ancelotti aliyesajiliwa kutoka Roma naye alikuwa mwanafunzi wa Liedholm. Sacchi alikuta msingi wa nyuma umemwagwa tayari.

Jibu hilohilo linafaa kwa mfano unaopendwa na wanaodai kwamba mabadiliko yanaweza kuwa ya haraka, yaani Bayern ya Hansi Flick. Novemba 2019 Bayern walifungwa 5-1 na Frankfurt, Niko Kovač akaondoka, Flick akapandisha safu na kukaba juu, na Agosti 2020 wakawafunga Barcelona 8-2 kisha wakatwaa Ulaya. Miezi tisa! Ukiutazama kwa haraka unavunja hoja yangu. Ila langoni alikuwa Manuel Neuer, aliyekuwa amecheza nje ya boksi kwa muongo mzima. Katikati ya ulinzi alicheza David Alaba, mwenye kasi na miguu ya kiungo, pembeni Alphonso Davies ambaye angeweza kumfukuza mtu yeyote na kumpata, na timu nzima ilikuwa na mabaki ya miaka mitatu ya Guardiola, 2013 hadi 2016. Flick aliwasha injini iliyokuwa imezimwa. Klabu ambayo mabeki wake wametumia maisha yao yote mita 20 kutoka golini haina injini hiyo, na kuipa kalenda ya Bayern ni kumwonea kocha na kuwaonea wachezaji.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na naikubali nusu yake: kocha anapaswa kufuata wachezaji alionao, si kuwalazimisha wafuate kichwa chake. Mikel Arteta aliichukua Arsenal Desemba 2019 na hakuanza kwa kukabia juu kila mahali. Alipanga mabeki watatu, akashuka, akaitoa City 2-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la FA na kulitwaa kombe kwa kuifunga Chelsea Agosti 2020. Ligi ilimpa nafasi ya nane mara mbili mfululizo. Gabriel alifika 2020, Ben White na Aaron Ramsdale 2021, William Saliba akarudi kutoka mkopo 2022, Declan Rice 2023. Safu ilipanda kidogo kidogo kadiri watu hao walivyoingia, na 2023/24 wakafungwa 29. Msimu wa 2021/22 walikuwa wamefungwa 48. Huyu alifuata wachezaji alionao na wakati huohuo hakuacha safari. Mahali hoja hii inapopotoka ni pale inapotumika kumtaka kocha aache kabisa, kana kwamba mabeki wa kupanda watazaliwa kwenye timu ambayo haipandi.

Ya tatu inahusu uchovu, na mfano wake ni Leeds ya Marcelo Bielsa. Walipanda ligi kuu 2020, wakamaliza wa tisa kwa pointi 59, kisha Februari 2022 wakafungwa magoli 20 ndani ya mwezi mmoja na Bielsa akaondoka. Wasemao kwamba miguu iliisha hawajakosea kabisa. Presha inadai mbio kali nyingi fupi na breki za ghafla, na msuli wa nyuma ya paja ndio wa kwanza kulalamika. Liverpool waliipata fursa ya kulijua hilo majira ya baridi ya kwanza ya Klopp: Januari 2016 walikwenda Exeter kwenye Kombe la FA na kikosi cha vijana kwa sababu wakubwa walikuwa wodini, wakatoka 2-2. Lakini Leeds walikuwa wanakaba mtu kwa mtu uwanja mzima wakiacha mtu mmoja tu wa ziada nyuma, na Desemba 2021 walipoteza kwa mechi moja Kalvin Phillips na Liam Cooper, yaani kiungo mkabaji na beki wa kati. Mfumo uleule ulioshinda ukaanza kuvuja kutokea hapo. Uchovu ulikuwapo, ila ulikuta nyuma pameshabomoka.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi: wachezaji hawakimbii vya kutosha, hawana moyo wa jezi. Inaudhi kwa sababu inageuza tatizo la mpangilio kuwa tatizo la tabia. Timu inayobana vibaya hukimbia zaidi ya inayobana vizuri. Mshambuliaji anakwenda kwa beki, pasi inapita, anageuka na kurudi mita 30. Kiungo anafika kuchelewa, naye anarudi. Kufikia dakika ya 60 wote wamekwisha, na namba za kilomita zikitolewa zinaonyesha wamejituma kupita mpinzani. Timu iliyopangika hupiga mbio za mita 5 hadi 10 kwa wakati mmoja, inapora au inalazimisha mpira mrefu, kisha inapumzika na mpira. Mwambie mshambuliaji aliyeona pasi ikipita mara nne kwamba aongeze moyo, na mara ya tano atakwenda peke yake kabla ya wenzake, jambo ambalo ni baya kuliko kutokwenda kabisa. Mtu mmoja anayebana peke yake ni zawadi kwa mpinzani.

Takwimu pia inatumiwa vibaya hapa. PPDA, inayopima pasi ambazo mpinzani huachiwa kupiga kwa kila jaribio la kumpora katika asilimia 60 ya uwanja iliyo upande wake, ikishuka watu husema mabadiliko yamekamilika. Namba hiyo inahesabu majaribio, haihesabu mafanikio. Rafu inaingia, changamoto iliyoshindwa inaingia. Mpinzani anayepiga mipira mirefu tangu dakika ya kwanza ataishusha bila wewe kufanya lolote. Timu iliyo katikati ya safari mara nyingi huwa na PPDA nzuri na magoli mengi ya kufungwa kwa pamoja, na mchanganyiko huo ndio picha halisi ya mbele iliyotangulia na nyuma iliyochelewa.

Anayetaka kujua kama klabu yake inasonga atazame mambo mengine. Straika wa mpinzani anaposhuka kati ya mabeki na viungo wako, je, anapokea akiwa amegeukia goli, au anapokea na beki mgongoni na kulazimika kurudisha? Mipira ya pili, ile inayodondoka baada ya mpira mrefu kugombewa, inaokotwa na nani? Hiki ni kipimo ninachokiamini kuliko vyote, kwa sababu presha iliyofanikiwa mara nyingi haipori mpira bali humlazimisha kipa apige mbali, na kama safu na viungo wamesogeleana, mpira huo unarudi kwao. Kisha kipa wako anagusa mpira nje ya boksi mara ngapi, na anapotoka, je, anafika? Mwisho ni aina ya magoli mnayofungwa: yale ya straika kugeuka katikati yanapaswa kupungua kwanza, yale ya mpira mrefu nyuma ya safu hupungua baadaye sana. Kama baada ya msimu mzima magoli ya aina zote mbili yako palepale, subira haina tena sababu, na kocha anapaswa kuulizwa. Nasema hivi pia kwa wale wanaomtetea kila kocha kwa neno muda. Muda peke yake haufundishi beki kupanda; mazoezi ndiyo yanayomfundisha, na hayo yanahesabika.

Yahesabu basi. Klabu inayocheza mara moja kwa wiki hupumzisha waliocheza kwa siku mbili, hupata siku mbili au tatu za kazi nzito, kisha siku moja nyepesi kabla ya mechi. Klabu inayocheza Jumatano na Jumapili hupata siku moja ya kazi halisi kwa wiki, tena nusu ya kikosi ikiwa bado inajikunjua misuli. Kwa msimu wa wiki 40 hivi, ya kwanza inapata vipindi karibu mia vya kupanga safu na ya pili arobaini. Kati ya hivyo lazima umege vya mipira ya kutenga, vya kushambulia na vya kumwandalia mpinzani wa wiki. Kupanda na kushuka kwa safu hakufundishiki kwenye kijiuchochoro cha watano kwa watano. Kunataka angalau kumi kwa kumi kwenye robo tatu ya uwanja, na mtu wa kupiga mipira mirefu ya kweli, ndiyo aina ya zoezi linalochosha misuli kuliko yote na ambalo huwezi kulifanya siku mbili kabla ya mechi. Ralf Rangnick aliingia Manchester United mwishoni mwa Novemba 2021, katikati ya msongamano wa mechi, akaanza na mpangilio wa 4-2-2-2 na ushindi wa 1-0 dhidi ya Crystal Palace. Kufika Januari umbo hilo lilikuwa limewekwa kando, na msimu ukaisha kwa nafasi ya sita na pointi 58. Mtu aliyewafundisha Wajerumani wengi kubana hakupewa hata kiangazi kimoja cha kuwaandaa mabeki. Ningeshangaa kama ingekuwa vingine.

Kutokana na haya, bodi inayoamua kuhama inapaswa kupanga usajili kinyume na inavyovutia magazeti. Kipa na beki mmoja wa kati mwenye kasi waje dirisha la kwanza, hata kama klabu italaumiwa kwamba imeuza winga na haijaleta mshambuliaji. Kiungo mkabaji afuate. Mabeki wa pembeni baada ya hapo, na mtu wa mbele mwishoni, kwa sababu wa mbele waliopo wanaweza kufundishwa. Timu ya vijana ianze kupandisha safu mwaka huohuo, ili beki wa miaka 17 asije akaanza kujifunza akiwa na 22. Na kwa msimu wa kwanza kocha asione aibu kukaba katikati ya uwanja kwa sehemu kubwa ya mechi, akipanda kwenye goli kiki na mipira ya kurusha tu, mahali ambapo kila mtu ana sekunde kadhaa za kujipanga kabla mpira haujachezwa. Hali hizo mbili hutokea mara nyingi katika mechi moja. Zinatosha kumzoesha beki bila kumwanika dakika zote tisini. Beki mkuu wa safu akiumia kwa miezi, safu ishuke mita 10 hadi atakaporudi, na kocha aliseme hilo wazi mbele ya waandishi wa habari, ili asiyekuwapo mazoezini asije akadhani mpango umeachwa.